Kinyago kikifika kimevunjika, turudishe pesa

Ndugu na dada zangu, pamoja na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee juu ya jambo linalotuletea maneno sana hapa Kakuma. Tunauza vinyago kwa simu. Mtu wa Nairobi anaona picha, analipa kwa M-Pesa, tunafunga, tunapakia kwa basi. Mzigo unapita Lodwar, Kitale, na barabara mnaijua. Kuna siku unafika pembe ya kinyago imekatika. Mnunuzi anatuma picha, na hapo ndipo ubishi unaanza: nani alipe?

Msimamo wangu ni mmoja. Mnunuzi arudishiwe pesa yake kwanza, yote, pamoja na ya usafiri. Sisi wenyewe tutabishana baadaye.

Wengine wanasemaga, "Si apake gundi tu? Pembe si iko hapo?" Hapana jamani. Huyu hakununua beseni. Beseni likipata ufa unaziba, unaendelea kufua. Mtu anayekusanya vinyago analipia kitu kizima cha kuweka miaka, na wageni wake wakija macho yanaenda moja kwa moja kwenye gundi. Hata akitaka kukiuza kesho, bei imeanguka. Akikubali kubaki nacho kwa nusu bei ni sawa, lakini aseme yeye, siyo tumlazimishe.

Halafu tujue tunashindana na nani. Anayenunua eBay ana siku 30 za kusema kitu kimefika kimeharibika. Aliyelipa kwa PayPal ana siku 180 za kufungua malalamiko. Kwetu sisi hana kitu. Ametuma pesa kwa laini, na wengine laini yenyewe imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine kwa sababu ya mambo ya vitambulisho. Ile 456 ya M-Pesa ni ya pesa iliyotumwa kimakosa, siyo ya kinyago kilichovunjika. Amebaki na neno letu tu. Na hatuwezi kupanda basi kesho tukaangalie wenyewe, maana bila kibali cha kutoka kambini hatufiki.

Lakini picha zinatosha, kama tunajua kuzisoma. Ufa unaofuata nyuzi za mti, tena umeanzia kwenye ncha ya gogo, huo ni mti uliochongwa kabla haujakauka. Hilo ni la mchongaji. Sehemu nyembamba, kama sikio au pembe, ikikatika na pale palipokatika bado pana rangi mpya ya mti, hiyo ni pigo la njiani au sisi tulifunga vibaya. Kwa hiyo tupige picha kila upande kabla ya kufunga, na mnunuzi atume zake ndani ya siku tatu, boksi likionekana. Kile kilichovunjika tusimwombe akirudishe. Nauli inakula pesa bure.

Pesa itoke wapi? Mchongaji akilipwa leo, kesho imeshakuwa unga, na kwa mgao huu wa sasa simlaumu hata kidogo. Ndiyo maana nasema kila shilingi 100 tunayouza, 10 iingie kwenye sanduku la kikundi kwa ajili ya kazi hiyo tu. Mama zetu wanaendesha likelemba miaka yote na hesabu haipotei. Sisi tuliosoma tunashindwa nini?

Sasa neno kwa wafanyakazi wa mashirika. Kuna wanaotoa pesa mfukoni kumlipa mnunuzi kimya kimya, au wanamwandikia, "Wasamehe, ni wakimbizi." Nawashukuru kwa roho hiyo, ila tafadhali muache. Mama mmoja wa Nairobi alituma picha za kinyago chake, kikundi kikakaa vikao vitatu bila jibu, mwisho akaandikiwa maneno kama hayo. Akajibu, "Hakuna shida, wabaki nazo." Hajauliza bei ya kitu tena. Alikuja kama mteja, tukamgeuza mfadhili, na mfadhili akishatoa mara moja anaona ametimiza.

Jumamosi kikundi kinapiga kura juu ya sanduku. Wachongaji mje, hasa nyinyi mnaopinga.