Siri ya Shemeji na Dripu ya Jumanne

Mwezi huu nilikuwa nimeahidi tuendelee na ile mada ya pesa za wawili, nani alipe kodi ya nyumba na nani alipe ada, na wengi mmeniulizia. Naomba mnisamehe, itasubiri kidogo. Kuna jambo limetokea kwenye nyumba ya watu ninaowapenda, na wote wawili wamenipa ruhusa nilisimulie, mradi nisitaje majina.

Ni shoga yangu wa tangu chuo na mumewe. Wana miaka tisa ya ndoa na watoto wawili. Mwaka jana shemeji alianza kuota matezi shingoni na kwapani. Hayaumi, akayapuuza, si unawajua wanaume. Halafu yakaja majasho ya usiku mpaka shuka zinalowa, suruali zikaanza kumpwaya. Akapimwa kifua kikuu, hakuna. Akapimwa malaria mara sijui ngapi. Mwisho wakakata kinyama cha tezi wakakipeleka maabara, na majibu yakasema limfoma ya folikula. Ni mojawapo ya saratani za damu zinazoanzia kwenye chembe nyeupe zinazoitwa seli B. Hapa kwetu mtu akisema saratani unafikiria ya matiti au ya shingo ya kizazi. Hii hata jina wakwe walishindwa kulitamka.

Daktari akawakalisha wote wawili akawaeleza matibabu. Pamoja na dawa za kemo, shemeji angepewa dripu ya dawa inayoitwa rituksimabu. Huenda umeiona kwa jina la MabThera, na Marekani inauzwa kama Rituxan. Siku hizi kuna za kampuni nyingine zinazofanana nayo na bei imeshuka, ingawa bado sio bei ya karanga. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1997, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Uzuri wake ni kwamba inalenga. Juu ya seli B kuna alama inayoitwa CD20, dawa inaishika alama hiyo na kuiua seli, haihangaiki na nywele wala utumbo kama kemo inavyofanya. Ubaya wake ni huo huo. Haibagui seli B mgonjwa na seli B mzima, inazifagia zote. Na seli B ndizo zinazotusaidia kutengeneza kinga za kuvizuia virusi tulivyonavyo mwilini bila hata kujua.

Ndio maana daktari akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umewahi kuugua au kupimwa homa ya ini?"

"Hapana, dokta."

Shoga yangu alikuwa pembeni na daftari lake, akaandika: homa ya ini, hapana.

Ilikuwa uongo. Shemeji akiwa chuo alichangia damu, na damu ya kuchangia hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Akaitwa, akaambiwa ana homa ya ini B, aende hospitali akafuatiliwe. Alikuwa na miaka 23, hajisikii chochote, akaogopa, akakaa kimya. Mwaka ukapita, akajiaminisha kuwa imeisha yenyewe. Akaoa akiwa na karatasi hiyo kichwani.

Sasa daktari hakuishia kwenye "hapana". Akasema vizuri, lakini kabla ya rituksimabu kila mgonjwa anapimwa, awe anajua au hajui. Akaandika vipimo viwili. Hapo ndipo shemeji akajua kuwa karatasi ya maabara itamtangulia kusema. Wakiwa kwenye gari, bado wako maegesho ya hospitali, akamwambia mkewe.

Shoga yangu anasema siku ile hakusikia tena neno saratani. Alichosikia ni miaka tisa.

Nitakuwa mkweli, mimi nilikuwa upande wake moja kwa moja. Homa ya ini B inapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Haipiti kwa kula sahani moja wala kukumbatiana, lakini kwa mke inapita, na huyu mke alibeba mimba mbili bila kujua. Angekuwa mume wangu sijui ningefanya nini. Lakini usiku ule nilijiuliza pia, hivi tungemchukuliaje angetuambia akiwa mchumba? Tungesema "pole, twende ukapimwe", au tungemshauri shoga yetu atafute mwingine? Nalijua jibu langu, na silipendi.

Turudi kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopunjwa. Vinatakiwa viwili. Kimoja, HBsAg, kinaonyesha kama virusi vipo sasa hivi. Cha pili, anti-HBc, kinaonyesha kama viliwahi kukuingia, hata miaka 20 iliyopita. Mtu anaweza kuwa salama kwenye kile cha kwanza na bado virusi vimelala kwenye ini, vimetulia kwa sababu kinga inavilinda visiamke. Ukifagia seli B, mlinzi ameondoka. Virusi vinaamka, ini linashambuliwa, na wapo waliokufa kwa ini kushindwa kazi wakati saratani yenyewe ilikuwa inaelekea kupona. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hili liwekwe kwenye kile kisanduku cheusi cha juu kabisa cha maelezo ya dawa. Na hatari haiishi siku ya dripu ya mwisho. Virusi vimewahi kuamka hata miezi 24 baada ya matibabu kumalizika. Kwa hiyo kama wewe au mtu wako mmepangiwa dawa hii na mmeona jibu la kipimo kimoja tu, uliza cha pili kiko wapi. Usione aibu, hawatakupiga.

Shemeji alikutwa na virusi. Je, akakosa dawa ya saratani? Hapana, na hili ndilo ambalo angelijua asingedanganya. Alianzishiwa kwanza vidonge vya kuvituliza virusi, tenofovir, ambavyo atavimeza kipindi chote cha matibabu na angalau mwaka mzima baada ya hapo, huku ini likipimwa kila mara. Tenofovir hiyo hiyo inatumika pia kwenye matibabu ya UKIMWI, basi bwana, wifi alipoliona kopo juu ya friji ukoo mzima ulipata habari ambayo haikuwa habari. Hilo nalo shoga yangu alilibeba, na kulitetea, akiwa bado hata kuzungumza na mumewe hawazungumzi vizuri.

Yeye mwenyewe alipimwa, hana virusi na hana kinga, akaanza chanjo. Kwa mtu mzima ni sindano tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu mwezi wa sita. Watoto walichanjwa wakiwa wachanga kama watoto wote wa siku hizi, nao wakapimwa, wako salama. Sisi tuliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 wengi wetu chanjo hiyo hatukuipata utotoni.

Ikaja Jumanne ya dripu ya kwanza. Kama mnanunua dawa wenyewe duka la nje, jueni kwamba inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, haigandishwi na haipigwi jua. Inunuliwe duka linalojulikana, ibebwe kwenye kiboksi cha baridi, na msikubali ya mtu wa mtandaoni hata awe binamu. Mwangalie pia mfamasia asiwape ile ya kuchoma chini ya ngozi mkaipeleka kwenye dripu, ni vitu viwili tofauti.

Nusu saa kabla walimpa panadoli na dawa ya kuzuia mzio. Shemeji hana presha, ila jirani yake wa kiti cha pili alikuwa ameambiwa asimeze vidonge vyake vya presha asubuhi ile, kwa sababu dripu yenyewe inaweza kuishusha. Hilo linaamuliwa na daktari, usijiamulie nyumbani. Kisha dripu ikaanza polepole kabisa, miligramu 50 kwa saa, ikiongezwa 50 kila nusu saa mgonjwa akiwa vizuri, isivuke 400. Ndio maana mara ya kwanza inakula siku nzima. Usimwombe sista aharakishe kwa sababu una kikao saa tisa.

Mwendo huo wa polepole una sababu. Mwili unaweza kuikataa dawa, baridi na kutetemeka, kuwashwa, koo kubana, pumzi kuwa fupi, presha kushuka, na mara nyingi ni kati ya dakika 30 na saa mbili tangu ianze. Kwa wengi inatulizwa na maisha yanaendelea. Vifo si vingi, lakini kati ya vilivyoripotiwa karibu asilimia 80 vilihusiana na dripu ya kwanza. Kwa hiyo ile ya kwanza huiachi, hata kama mmenuniana.

Na walikuwa wamenuniana kweli. Shoga yangu alikaa pale anasoma simu. Ilipofika kama dakika ya 50 akamwona mumewe anajikuna shingo, anajikunja, meno yanagongana kidogo, na anatazama ukutani.

"Unasikia baridi?"

"Kawaida tu."

"Koo je?"

Kimya. Hakumsubiri ajibu, aliinuka akamwita sista. Dripu ikafungwa palepale, akaongezewa dawa za mzio, akapimwa presha. Alipotulia kabisa wakaianza tena kwa nusu ya mwendo wa mwanzo. Sista, mama mtu mzima, alimwambia mbele ya wodi nzima, "Baba, hapa hatugawi medali za uvumilivu." Shoga yangu anasema hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya maegesho.

Baada ya hapo ni maisha ya nyumbani, na hapa wawili mnahusika sawasawa. Homa, kwanza. Nyuzi 38 na kuendelea kwa mtu aliye kwenye dawa hizi sio ya kukimbilia dawa mseto duka la jirani na kulala. Inaweza kuwa malaria, ndiyo, lakini chembe za kinga zinaweza kushuka hata wiki kadhaa baada ya dripu, na maambukizi ya kawaida yakamuua mtu. Mnakwenda hospitali usiku huo huo. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, hazifai kipindi hiki, kwa hiyo wewe wa safari za kikazi usikubali kuchomwa pale uwanja wa ndege ili upate kadi ya njano, mweleze daktari wako mapema. Na mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba, kuona vibaya au ulimi kuwa mzito, msiseme ni uchovu. Kuna maambukizi ya ubongo ambayo ni nadra sana lakini ni mabaya.

Kuhusu mtoto, mwanamke anayepewa rituksimabu anashauriwa kutumia uzazi wa mpango wakati wote wa matibabu na miezi 12 baada ya dripu ya mwisho, maana dawa inapita kwenda kwa mimba na mtoto anaweza kuzaliwa na upungufu wa hizo seli B. Kunyonyesha kunasubiri miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Pale zinapochanganywa na kemo, kama kwa shemeji, mwanaume naye anaulizia habari za uzazi kabla ya kuanza, sio katikati. Wao wanatumia kondomu mpaka sindano ya tatu ya shoga yangu ikamilike. Aliniambia ni mara ya kwanza wanalizungumza jambo hilo kama watu wazima, na kwamba lilikuwa gumu kuliko kemo.

Sitakudanganya kuwa yameisha. Hajamsamehe yote, na kuna wiki analala chumba cha watoto. Lakini kila baada ya wiki tatu Jumanne anakwenda naye, na daftari lake la saa na nyuzi za joto limejaa hadi nusu.

Juzi ilikuwa dripu ya nne. Siku hizi inakwenda haraka zaidi kwa sababu mwili umeipokea. Sista akauliza yale maswali yake ya kila siku, kuna homa, kuna kikohozi, kuna dawa nyingine unatumia? Shoga yangu alishafungua daftari aseme hakuna, lakini shemeji akamtangulia.

"Ipo, sista. Mama aliniletea mizizi ya kuchemsha kutoka nyumbani. Nimekunywa siku nne. Mke wangu hajui."

Shoga yangu akamtazama. Sista akaurudisha mfuko wa dripu kwenye trei, akaandika vipimo vya ini, akaenda kumwita daktari.