Mpenzi Wako Akichomwa na Taa

Mwezi huu tuongelee maumivu, lakini siyo yale ya kuachwa kwenye mataa. Namaanisha taa mwenyewe, yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi, anayeuzwa pale soko la samaki Feri.

Taa hana ugomvi na mtu. Hulala kwenye maji mafupi, kajifunika mchanga. Ukimkanyaga anarusha mkia, na mkiani kuna mwiba wenye meno kama msumeno na sumu juu yake. Hata akiwa amekufa mwiba unaweza kukuchoma na sumu ikaingia, kwa hiyo ukinunua taa mzima, mwambie muuzaji aukate kwanza.

Sasa kaka kachomwa mguuni. Maumivu yanapanda kwa kasi, yanafikia kilele ndani ya saa moja na nusu hivi, na yanaweza kuendelea hata siku mbili. Damu inatoka, mguu unavimba, jasho, kichefuchefu, kizunguzungu, misuli inakaza. Dada, ukimwona kidume wako analia usimcheke, wala usimwambie ajikaze. Hadeki. Ile ni sumu.

Kwanza mtoe majini asije akazimia humo. Bana kidonda kwa kitambaa safi damu ipungue, kisafishe kwa maji safi, kisha tafuta beseni na maji moto. Yawe ya nyuzi 43 hadi 45, yaani moto unaovumilika bila kuunguza. Pima kwa mkono wako wewe, maana yeye kwa maumivu yale anaweza kuungua asijue. Mguu ukae humo dakika 30 hadi 90, ukiongeza maji yakipoa. Kama mko Feri, mama lishe hakosi maji jikoni. Mkiwa Mbudya, waombeni wanaokaanga samaki. Achaneni na mkojo, kuchanja chanja, na hayo mafuta ya taa, jina lisiwadanganye!

Ila kama mwiba umeingia kifuani, shingoni au tumboni, usingoje maji yachemke na usiuchomoe. Kimbizeni mgonjwa hospitali, mwiba ukiwa hapo hapo. Steve Irwin, yule Mwaustralia wa vipindi vya wanyama kwenye televisheni, alifariki tarehe 4 Septemba 2006 baada ya taa kumchoma kifuani. Vifo kama hicho ni vichache sana, lakini hakuna sababu ya kubahatisha.

Na hata kama ni mguu tu, nendeni kwa daktari. Kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani, na huenda ikahitajika eksirei. Ataulizia sindano ya pepopunda, na akiona inafaa atatoa antibiotiki, kwa sababu maji ya bahari yana vijidudu vyake. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asichelewe kabisa.

Kasheshe yenyewe inakuja wiki ya pili. Maumivu yametulia, kila mtu anadhani yamekwisha. Kumbe kidonda kirefu kinaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, kupona. Ukiona wekundu unasambaa, usaha, harufu mbaya, homa, au maumivu yaliyokwisha yanarudi, rudini hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo mapenzi yanapopimwa. Kama mwenzio anasimama kutwa dukani Kariakoo, mguu ule ndiyo kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Kila ukimuuliza "bado tu?", atalazimisha kuvaa kiatu kabla ya wakati na kidonda kitaanza upya. Kaeni chini mpange: nani atafungua duka, nani atasogeza malipo, nani atamsafisha kidonda jioni. Na wewe mgonjwa, sema ukweli unavyojisikia. Ukificha homa ili uonekane ngangari, unamkosesha mwenzio nafasi ya kukusaidia.

Mkienda tena Coco Beach msiogope maji. Msinyanyue miguu, iburuzeni mchangani polepole. Taa akisikia mchanga unatikisika atajiondokea zake. Raba peke yake siyo kinga, mwiba unaweza kuitoboa. Shikaneni mikono, buruzeni miguu pamoja. Wanaowatazama watadhani mnacheza muziki. Waacheni wadhani hivyo.