Tope la Mafia Latoka Wapi?

Mzee mmoja wa Kilindoni, kisiwani Mafia, alipata kuniuliza: "Mwanangu, huku kwetu jua linawaka wiki nzima, mbona bahari ya upande wa bara imekuwa ya tope?"

Mafia ni nchi tambarare, haina mlima hata mmoja. Lakini mkabala wake Mto Rufiji unamwaga maji baharini, na zaidi ya nusu ya maji yale huletwa na Mto Kilombero, ambao hunyweshwa na vijito vya misitu ya Udzungwa. Huko ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, na msitu wake hupanda toka mita 250 hivi hata kupita mita 2,000. Basi tope lile lilitokana na mvua ya watu wengine.

Ndiyo sababu kipimo kimoja cha mvua kilichowekwa bondeni hakitoshi. Pepo za baharini zikigonga mlima hupanda, hupoa, zikanyesha. Upande wa pili hukosa. Tazameni Uluguru: mashariki hulowa, magharibi hukauka, na mlima ni ule ule. Kilimanjaro nako, mteremko wa kusini, mvua huzidi kwenye mita 2,200 hivi, kisha hupungua, hata kileleni ni kama jangwa. Nani angeyajua hayo asipopima ngazi kwa ngazi?

Kazi yenyewe ni nyepesi. Chombo hutazamwa kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Taabu ni kutoruka siku. Mpimaji akilala, halafu akabuni hesabu, heri asingeandika kitu. Tena yako maji ambayo chombo hicho hakiyaoni: ukungu unaonaswa na majani na kuvumwani, ukadondoka chini tone kwa tone.

Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema habari za Kimbunga Hidaya, kilichotua Mafia tarehe 4. Aprili ya mwaka ule ule mafuriko ya Rufiji yalikuwa yamekwisha kuzamisha nyumba na mashamba ya jirani zao wa bara. Adui wa kwanza alitoka baharini. Wa pili alishuka kutoka juu.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Na huko juu, nani anapima?" Nikamjibu: "Wapo, Mzee, ila ni wachache kuliko milima inavyotaka."