Besi yetu haisikiki kwenye simu

Ukitaka kujua kwa nini vijana wa Kisii na Nyamira hawalitamani gitaa la besi, angalia tunasikiliza muziki kwa nini. Kwa simu. Uzi mzito wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kaspika ka simu hakawezi kutoa sauti ya chini hivyo. Kwa hivyo unacheza wimbo wa marehemu Christopher Monyoncho mwanzo hadi mwisho, unasikia solo na sauti yake tu, halafu unasema benga ni ya wazee. Bado hujaisikia, bana. Panda matatu yenye spika ya kueleweka kutoka Kisii hadi Keroka, kisha tuongee.

Besi yangu mimi ilikaa chini ya kitanda karibu miaka miwili. Kanisani kulinunuliwa kibodi, nami nikageuka mtu wa kubeba spika. Kwenye harusi ni hivyo hivyo: kijana mmoja, kibodi moja, ngoma na besi zimeshapangwa ndani. Ni bei nafuu, sibishi. Lakini besi iliyopangwa haimsikilizi mtu. Mwimbaji akivuta neno kidogo, yenyewe inaendelea tu kama posho mill.

Kilichonirudisha ni obokano. Mzee mmoja alikuwa akiupiga kwenye sherehe ya mahari huko Nyamira. Ni kinubi kikubwa chenye nyuzi 8, tumbo lake la mbao limewambwa ngozi, na ukikaa karibu unausikia kifuani kabla ya masikioni. Sasa hiyo si besi? Tulikuwa nayo kabla kampuni ya Fender haijatoa gitaa lake la kwanza la besi la umeme mwaka 1951. Kila mtu anajua Wajaluo walihamisha mapigo ya nyatiti kwenye gitaa wakapata benga. Sisi Wagusii tunaongea kana kwamba tulikuja mikono mitupu.

Nilifika nyumbani nikaanza kutafuta ule mzunguko wa mzee kwenye nyuzi zangu 4. Masaa mawili, noti tano tu. Kidole kikatoka lengelenge. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu shule ya upili.

Na raha ya besi ni ya ajabu, kwa sababu huonekani. Mpiga solo anapigwa picha, mwimbaji anatuzwa noti, wewe uko nyuma na mpiga ngoma. Lakini nyamaza kidogo tu katikati ya wimbo, uone miguu ya watu ikikosa mahali pa kukanyaga, na hakuna anayejua kwa nini. Mimi siku hizi hufanya makusudi.

Hailipi? Kwa sasa hailipi, kweli. Ila kaunti zetu mbili, zinazovutania mpaka pale Keroka, hukumbuka wazee wa obokano wageni wakija, dakika chache, soda, kwaheri. Afadhali pesa hizo ziwaweke vijana wenye magitaa karibu na hao wazee mwezi mzima.

Yule mzee wangu hana mwanafunzi hata mmoja. Nimeanza kwenda kwake Jumamosi. Ananicheka, anasema nashika uzi kama mtu anayechuna majani chai.