Mwonekano na habari za kusikia katika Kijapani
Jambo linalostahili kusisitizwa zaidi kuhusu sō ya Kijapani ni kwamba umbo hilo moja hubeba kazi mbili zisizopaswa kuchanganywa, kwani likiungana na shina la kitenzi, kama katika furisō da (kutokana na furu, yaani kunyesha), msemaji hubashiri mvua kwa kuyatazama mawingu, ilhali likifuata kitenzi kamili, furu sō da, yeye hupasha tu habari aliyoipata kwa mwingine. Vivumishi navyo hufuata mkondo huo: oishisō husemwa kuhusu chakula kinachoonekana kitamu kabla hakijaonjwa, lakini oishii sō da ni sifa iliyosikika. Linalovutia zaidi ni kwamba kirei, yaani hali ya kupendeza machoni, kwa kawaida haipokei sō ya mwonekano, kwa sababu uzuri uliokwisha kuonekana hauhitaji kukisiwa. Tofauti na sō, umbo la yō da, pamoja na mitai da inayotumika zaidi katika mazungumzo, huonyesha hitimisho litokanalo na ushahidi ambao msemaji mwenyewe ameupima, kwa mfano barabara iliyolowa asubuhi. Rashii huegemea zaidi habari kutoka nje, ingawa baada ya nomino, kama katika otoko rashii, huweza pia kumaanisha kuwa na sifa zinazotarajiwa kwa mwanamume.