Sauti Nyingi Zisizimwe



Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, vyama vikaruhusiwa, lakini redio ilibaki moja, ya serikali. Leo mkulima hupiga simu jioni, akajadili bei ya mahindi, siasa na ngoma zetu. Haki hiyo hatukupewa kwa hisani.

Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kutangaza maandamano moja kwa moja. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo.

Hatujasahau 2008. Tume ya Waki ilizilaumu baadhi ya redio kwa kueneza chuki. Basi mchochezi ashtakiwe, sheria ipo. Kuwanyamazisha wote ni kuvunja Kifungu cha 34 cha Katiba.

Vyama vingi bila sauti nyingi ni jina tupu!