Kibao Hakizimi Sigara

Tangu 2007 Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku: kuvuta sigara mahali pa umma, vyuo vikiwemo, ni kosa. Kibao kimebandikwa ukutani, lakini nyuma ya hosteli moshi unafuka, na mwanafunzi mwenye pumu anafunga dirisha.

Wewe uliyeokoka, uwe mlinzi, mhadhiri au msimamizi wa hosteli, usipite kana kwamba hujaona. Kunyamaza si upendo. Mwambie azime. Akirudia, mripoti, kisha umshike mkono umpeleke kwa mshauri, maana nikotini humfunga mtu. Sheria ilinde pumzi ya jirani. Neema imfungue mvutaji.

Soma 1 Wakorintho 6:19-20. Uko tayari kusema? Andika AMINA.